Funika Nusu ya Lenzi

Kila ninapoanza mada ya lenzi nauliza swali lile lile. Chumba tumekitia giza. Mshumaa unawaka upande mmoja wa meza, lenzi imesimamishwa katikati kwenye kibanio, na upande wa pili kuna karatasi nyeupe. Kwenye karatasi umetokea moto mdogo wa mshumaa, kichwa chini miguu juu, unaotikisika kila mtu akipumua karibu. Nashika kipande cha boksi juu ya lenzi, bado sijakishusha. "Nikifunika nusu ya juu ya lenzi hii, kwenye karatasi mtaona nini?"

Mikono hunyooka upesi, na wa kwanza kunyoosha huwa ni wale wachoraji wazuri, wenye rula safi na penseli zilizochongwa. "Nusu ya moto itapotea, Mwalimu." Kisha darasa hugawanyika. Wengine wanashikilia kuwa itapotea nusu ya juu, wengine ya chini kwa kuwa taswira imepinduka. Wanabishana kwelikweli, na pande zote mbili zimekosea. Nashusha boksi. Moto uko pale pale, mzima, ncha yake na kitako chake, ila umefifia. Nainua, unang'aa. Nashusha, unafifia. Safari moja mwanafunzi alikuja mbele, akaniomba boksi, akafunika yeye mwenyewe nusu ya chini, kisha kushoto, kisha kulia. Akawageukia wenzake akasema neno moja: "Haikatiki."

Neno hilo liliniuma, kwa sababu daftari lake nilikuwa nimelisahihisha mimi. Michoro ilikuwa sahihi. Mhimili mkuu, yaani mstari unaopita katikati ya lenzi, umenyooka; fokasi mbili, yaani nukta ambapo lenzi hukusanya miale iliyo sambamba na mhimili huo, zimepimwa; miale ina mishale yake, na alama nilimpa zote. Mtu aliyepata alama zote alikuwa hajui kwamba kila sehemu ya lenzi inashiriki kutengeneza kila sehemu ya taswira.

Nisingethubutu kuliandikia jambo hili kama lingekuwa la darasa langu peke yake. Mwaka 1987 Fred Goldberg na Lillian McDermott walichapisha utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa fizikia wa chuo kikuu nchini Marekani. Waliwaketisha mbele ya taa, lenzi na kiwambo, wakawauliza maswali mepesi. Nusu ya lenzi ikifunikwa itakuwaje? Lenzi ikiondolewa? Kiwambo kikiondolewa? Wengi walitabiri kwamba nusu ya taswira itatoweka, wakiwamo waliokwisha kusomeshwa mada nzima. Wapo pia waliosema lenzi ikiondolewa taswira itabaki kiwamboni, ila itasimama wima.

Jibu hilo la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini, maana lina mantiki yake. Anayelitoa anaamini kwamba picha ya mshumaa hutoka kwenye mshumaa ikiwa nzima, kama ganda lililobanduka, ikasafiri hewani hadi kwenye lenzi. Kazi ya lenzi ni kuipindua tu. Ukiiondoa lenzi, picha inapita bila kupinduliwa. Ukiziba nusu ya lenzi, nusu ya picha inagonga boksi. Imani hiyo ndiyo inayozaa makosa yote mawili, na michoro yetu haijaigusa hata kidogo. Hoja yangu ndiyo hiyo: tunafundisha kuchora taswira kabla ya kufundisha taswira ni nini, na mchoro unakuwa ibada ya rula.

Taswira ni nini basi? Tazama ncha ya moto wa mshumaa, nukta moja tu. Nukta hiyo inatoa mwanga kila upande: kwenye dari, kwenye ukuta, kwenye macho ya wote waliomo chumbani. Sehemu ndogo ya mwanga huo inaangukia lenzi na kuijaza kutoka ukingo hadi ukingo. Lenzi inaupinda mwanga wote huo ili ukutane tena mahali pamoja. Pale unapokutana ndipo ilipo taswira ya ncha. Nukta iliyo jirani nayo inafanya vivyo hivyo, na mwanga wake unakutana jirani. Nukta kwa nukta, moto mzima unajengeka upya upande wa pili. Ukifunika nusu ya lenzi, kila nukta imepoteza nusu ya mwanga wake, lakini hakuna nukta iliyopoteza mwanga wote. Ndiyo maana taswira inafifia na haikatiki.

Maelezo hayo yamechukua aya moja. Sasa fungua kitabu chochote cha kiada uone kinaanza na nini: mwale wa kwanza unakwenda sambamba na mhimili kisha unapita kwenye fokasi, wa pili unapita katikati ya lenzi bila kupinda, wa tatu unapita kwenye fokasi ya mbele kisha unatoka sambamba. Mwanafunzi anayaona haya na kuhitimisha, kwa haki kabisa, kwamba kuna miale mitatu. Akiona boksi limeziba njia ya ule mwale wa kwanza, anasema taswira imeharibika, kwa kuwa mmoja wa wajenzi wake watatu amezuiwa.

Ipo njia ya haraka ya kuivunja dhana hiyo, na haihitaji kifaa cha maabara. Mwambie mwanafunzi achore mchoro wa simu inayopiga picha ya mti. Lenzi ya kamera ya simu ina upana wa milimita chache. Mti una urefu wa mita kumi. Mwale unaotoka kileleni mwa mti ukienda sambamba na mhimili utapita juu sana ya simu, juu ya kichwa cha anayepiga picha, wala hautaigusa lenzi. Kwa kanuni ya daftari, picha haiwezekani. Na picha ipo. Hapo ndipo mwanafunzi anapoanza kushuku kwamba ile mistari mitatu haikuwa mwanga wenyewe. Ni mistari ya kusaidia kuchora. Tunajua miale yote inayotoka nukta moja na kupita kwenye lenzi inakutana mahali pamoja; basi, ili kujua ni wapi, inatosha kufuata miwili ambayo njia yake ni rahisi kuchora, hata kama lenzi halisi ni ndogo mno kuipokea. Mchoro ni njia ya mkato, na njia ya mkato humfaa anayeijua njia ndefu.

Wala tusiwadharau vijana kwa kukwama hapa. Binadamu walikwama hapa kwa karne nyingi. Wapo wanafalsafa wa kale waliofundisha kwamba vitu hubandua maganda membamba yanayoruka hadi machoni, yaani kile kile anachokiamini mwanafunzi wangu bila kuambiwa na mtu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufanya kazi zake kubwa Cairo, ndiye aliyeliweka wazi jambo la msingi: kila nukta ya kitu chenye mwanga hutoa mwanga kila upande, nao huingia jichoni. Lakini papo hapo akakumbana na fumbo. Kama kila nukta inapeleka mwanga kwenye kila sehemu ya jicho, mbona tunaona vitu vimepangika badala ya kuona mchanganyiko? Akajibu kwa kuchagua miale inayoingia jichoni wima bila kupinda, na kuipa mingine hadhi ya chini. Ilibidi kusubiri takriban miaka 600, hadi mwaka 1604, mwanaastronomia Johannes Kepler aonyeshe kwamba hakuna haja ya kuchagua: miale yote ya nukta moja iingiayo kwenye mboni hukusanywa tena kuwa nukta moja kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Na kwa kuwa hesabu ilimpa taswira iliyopinduka ndani ya jicho, alikubali kwamba imepinduka, ingawa jambo hilo lilimsumbua. Swali lililowachukua watu wa akili kiasi hicho miaka 600, sisi tunalipa vipindi viwili na jedwali la kukariri.

Kwa vioo hali ni ile ile, na mfano wake mkubwa uko angani. Darubini ya Hubble ilirushwa Aprili 1990 ikiwa na kioo kikuu chenye upana wa mita 2.4. Picha za kwanza zilipofika, zilikuwa na ukungu. Kioo kilisuguliwa kwa ustadi wa ajabu ila kwa umbo lisilo sahihi, na ukingoni kilizidi kuwa bapa kwa takriban mikromita 2.2, unene ulio sehemu ndogo sana ya unywele. Nikisimulia hili darasani nauliza: kosa lilikuwa kubwa zaidi ukingoni mwa kioo, je, ukungu ulikuwa ukingoni mwa picha? Aliyeelewa jaribio la boksi anajibu mara moja. Mwanga wa kila nyota uliangukia kioo kizima, kwa hiyo kila nyota ilipata fungu lake la ukingo mbovu, hata nyota iliyo katikati kabisa ya picha. Mwanga uliotoka ukingoni haukukutana pale ulipokutana mwanga wa katikati. Desemba 1993 wanaanga walipanda kuirekebisha, na miongoni mwa walivyofunga ni vioo vidogo vilivyoundwa vikiwa na kosa lile lile upande wa kinyume, ili mwanga ukutane tena panapotakiwa.

Kitu cha pili kinachokosekana katika ufundishaji wetu ni jicho. Tunachora kitu, kioo, miale, mistari ya vitone nyuma ya kioo, tunaandika "taswira pepe", tunafunga. Nani anaiona? Mchoro hauna mtu. Neno lenyewe halisaidii, maana pepe kwa Kiswahili ni punje isiyo na kitu ndani, na mwanafunzi anaelewa kwamba taswira hiyo ni ya kubuni, haipo, ni maneno ya vitabuni. Tena wengi wanaamini taswira imebandikwa kwenye uso wa kioo kama karatasi ukutani.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kuliko yote, na linamhitaji mwanafunzi mwenye miwani ya kuonea mbali. Tuseme bila miwani anaona vizuri hadi nusu mita tu. Bandika karatasi ndogo yenye maandishi kwenye kioo cha kujitazamia, mvulishe miwani, msimamishe sentimita 40 kutoka kwenye kioo. Mwambie asome maandishi. Anasoma bila shida. Mwambie sasa autazame uso wake kiooni, pembeni kidogo ya karatasi ile. Uso una ukungu. Nilipolifanya mara ya kwanza, binti aliyekuwa mbele alirudia kutazama maandishi, uso, maandishi, uso, kisha akasogea mbele mpaka pumzi yake ikaacha unyevu kwenye kioo, na uso ukatakata. Karatasi iko sentimita 40 kutoka machoni pake. Uso wake kiooni uko sentimita 80, kwa sababu taswira iko nyuma ya kioo kwa umbali sawa na ule aliosimama mbele yake. Kioo kimoja, mahali pamoja pa kutazama, lakini jicho limekataa kimoja na kukubali kingine. Nyuma ya kioo kuna ukuta tu, hakuna mwanga uliofika kule. Lakini mwanga unaoingia jichoni unakuja kwa mwelekeo na mtawanyiko ule ule ambao ungekuwa nao kama ungetoka kule. Jicho halina njia ya kujua tofauti. Hiyo ndiyo taswira pepe, na mtoto mwenye miwani anaijua kwa macho yake kuliko mwalimu wake mwenye macho mazima.

Hapo hapo kwenye kioo bapa kuna swali la urefu. Kujiona mwili mzima unahitaji kioo cha urefu gani? Mtu wa sentimita 160 anahitaji sentimita 80 tu, kikitundikwa mahali panapofaa. Wanafunzi karibu wote wanasisitiza kwamba kioo kifupi nacho kingetosha, mradi mtu arudi nyuma. Waache warudi nyuma, waweke alama kwa utepe pale wanapoona kitovu na pale wanapoona vidole vya miguu. Alama hazisogei.

Upande wa taswira halisi, yaani ile inayoweza kunaswa kwenye karatasi, jaribio la jicho ni kuondoa karatasi. Tunarudi kwenye mshumaa wetu. Nauliza: nikiitoa karatasi, taswira iko wapi? "Haipo." Natoa karatasi, namwambia mmoja asimame nyuma zaidi ya pale ilipokuwa, kiasi cha mkono mmoja ulionyooka, atazame kuelekea kwenye lenzi. Inachukua sekunde kadhaa jicho kuizoea. Kisha anaiona: moto mdogo, umepinduka, unaning'inia hewani mbele ya lenzi bila kushikwa na kitu. Wengi hunyoosha kidole kuugusa. Karatasi haikuwa inatengeneza taswira. Ilikuwa inautawanya mwanga uliokutana pale ili sote tuuone kutoka pande zote za chumba.

Ndipo fomula inapokuja, na sasa ina kitu cha kusema: moja gawanya kwa umbali wa fokasi, ondoa moja gawanya kwa umbali wa kitu, unapata moja gawanya kwa umbali wa taswira. Chukua lenzi ya kukusanya yenye umbali wa fokasi wa sentimita 15. Weka mshumaa sentimita 20 kutoka kwenye lenzi: moja gawanya kwa 15, ondoa moja gawanya kwa 20, unabaki na moja gawanya kwa 60. Taswira iko sentimita 60 upande wa pili, imekuzwa mara 3. Sasa usogeze mshumaa hadi sentimita 10. Hesabu inatoa hasi 30, na ukuzaji ni mara 3 tena. Kwa anayekariri, tofauti ya majibu haya mawili ni alama ya kutoa. Kwa aliyekwisha kusimama pale mezani, ni mambo mawili kabisa. La kwanza ni moto mkubwa uliopinduka, unaweza kuunasa kwenye karatasi iliyo mbali kidogo. La pili ni moto mkubwa uliosimama wima ambao karatasi haiwezi kuunasa popote. Ni lazima usogeze jicho na kutazama ndani ya lenzi, kama anayesoma maandishi madogo kwa kioo cha kukuzia. Ile hasi inamwambia: weka karatasi chini, tumia jicho. Vitabu vinatofautiana juu ya kanuni za chanya na hasi, na mwanafunzi anayehama kitabu huchanganyikiwa. Lakini anayejua mwanga umekwenda wapi hukagua jibu lake mwenyewe, awe ametumia kanuni ipi.

Tusiache maneno nyuma. Kiswahili kina neno kioo kwa kitu cha kujitazamia na kwa kile kinachopitisha mwanga dirishani, na lenzi nayo ni ya kioo. Juu yake tumeweka mbonyeo (umbo lililoingia ndani) na mbinuko (lililotokeza nje), halafu tunamwambia mtoto kwamba kioo mbonyeo kinakusanya mwanga, lenzi mbonyeo inautawanya, na kwa mbinuko ni kinyume chake. Anakariri, na siku ya mtihani anageuza. Mimi nimeacha kuanza na maumbo. Naanza na kazi: hii ni ya kukusanya, ile ni ya kutawanya. Umbo linakuja baadaye, pamoja na sababu: kioo kinaurudisha mwanga, lenzi inaupitisha, kwa hiyo umbo moja haliwezi kufanya kazi moja kwenye vyote viwili.

Najua walimu wenzangu watanijibu nini. Muda hautoshi na mtihani unataka michoro. Kuhusu vifaa sina huruma sana: miwani ya kusomea iliyoandikwa +3 ni lenzi ya kukusanya yenye umbali wa fokasi wa sentimita 33 hivi, na kijiko kinachong'aa kina kioo mbonyeo upande mmoja na kioo mbinuko upande wa pili. Kuhusu mtihani wana haki. Maadamu swali ni "chora taswira ya kitu kilichowekwa kati ya fokasi na lenzi, kisha taja sifa zake nne", jedwali la kukariri litashinda daima, na mwalimu anayepoteza kipindi kizima gizani na mshumaa atahesabiwa kuwa nyuma ya ratiba. Lawama hiyo naipeleka kwa watunga mitihani, na ninaipeleka nikimaanisha. Swali moja tu likibadilishwa, madarasa yatabadilika. Waulize kwa nini taswira haikatiki nusu ya lenzi ikifunikwa. Waulize simu inaupigaje picha mti mrefu kuliko lenzi yake. Alama zitolewe kwa sababu, si kwa mstari ulionyooka. Kuchora nako kubaki, maana ni chombo kizuri mikononi mwa anayejua kinachochorwa.

Yule kijana wa "haikatiki" hakurudi kukaa. Alisimama na boksi lake mkononi akauliza: "Mwalimu, kama nusu inatosha, kwa nini watengeneze lenzi nzima?" Sikumjibu. Nilimpa penseli, nikamwambia atoboe boksi tundu dogo, alibandike juu ya lenzi. Moto kwenye karatasi ulififia mno, ikabidi wenzake wasogee karibu kuutafuta, lakini ulikuwa mzima. Kisha nikamwambia aiondoe lenzi kabisa, aliache boksi na tundu lake peke yake. Alinitazama kama mtu anayetegewa mtego. Akaiondoa. Kwenye karatasi kulikuwa na doa hafifu la mwanga, ukungu mtupu pembezoni, na ukilitazama vizuri lilikuwa moto wa mshumaa, kichwa chini miguu juu. "Basi anayepindua si lenzi," akasema polepole, na yule binti mwenye miwani, kutoka nyuma gizani, akamuuliza: "Sasa lenzi inafanya nini?" Kengele ililia, na walibaki pale wakiitia na kuitoa, wakiitia na kuitoa, wakitazama doa lile likikusanyika na kutawanyika.